Nalia, Bonde Linasikia Naimba

Mwajabu Shemhilu aliingia uwanja wa Shule ya Msingi Kwembelo na ndoo ya maandazi kichwani, kifua mbele. Watu wa Kwamhosi waliosalimika na maji walikuwa wamelazwa madarasani tangu jana, naye alikuja kuwapa pole kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Ni kweli kijiji kimekwenda na maji. Ni kweli kaka yake Shekue hajaonekana. Lakini yeye aliwaambia! Alikuwa kwenye mikrofoni ya Redio Umande, katikati ya habari za alfajiri, habari za bwawa zilipomwingia masikioni, akautupa muswada wake mezani na kupiga ukelele: "Watu wa Kwamhosi, tokeni! Maji yanakuja! Tokeni sasa hivi!" Hata leo koo lilikuwa linamwasha. Aliyesikia akabaki, alibaki kwa ubishi wake, na Shekue ubishi alizaliwa nao.

"Hodi jamani. Poleni na msiba."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele walimtazama, kisha wakarudisha macho kwenye nyungo zao. Mtoto mmoja akasema, "Mama, ni yule wa redio," na mama yake akamfinya mpaka akanyamaza.

Wifi yake Mwanahawa, mke wa Shekue, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha darasa la tatu, amejifunga kanga isiyokuwa yake.

"Wifi," Mwajabu akasema, akitua ndoo. "Pole, wifi yangu. Mimi nilijua tu, yule kaka yangu kwa ubishi wake..."

"Umekuja kutusomea hali ya hewa?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Maana jana ulitusomea vizuri sana. Mawingu kiasi, jua mchana. Umekuja na ya leo?"

"Wifi, mimi nilipiga kelele mpaka..."

"Ulipiga kelele wapi? Jikoni kwako?" Mwanahawa akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini hasira ilimrefusha. "Tulisikia mvumo. Nikamwambia mume wangu, tutoke. Akasema ngoja. Akaipandisha redio sauti, akaiweka sikioni, hivi. Akasema, kama kuna jambo Mwajabu atasema, dada yangu hawezi kuniacha. Na wewe ukasema mawingu kiasi! Kwa sauti yako hiyo hiyo ya asali. Namvuta mkono, ananiambia, umesikia? Mwajabu ameshasema."

Mwajabu alirudi nyuma, kisigino kikagonga ndoo.

"Kaka yako alikufa anakusikiliza," Mwanahawa alisema. Kisha akaipiga ndoo teke. Maandazi yakatawanyika vumbini, na hakuna hata mtoto aliyeinama kuokota. "Chukua mawingu yako uondoke."

*

Redio Umande ipo juu ya kilima cha Mzogoti, na kutoka dirishani mwa studio unaliona bonde zima kama unavyoona chakula ndani ya sinia. Mwajabu alipanda kilima kile kwa miguu bila kumsalimu mtu. Akapita mapokezi, akapita ofisi ya meneja, akaingia chumba cha mitambo na kufunga mlango.

Ndani alikuwemo Mbonea, fundi mitambo, mwanamke mnyamavu mwenye bisibisi sikioni kama fundi seremala mwenye penseli.

"Dada Mwajabu, umekula?"

"Nisikilizishe ya jana. Siyo iliyoingia. Nataka iliyotoka."

Mbonea hakuuliza iliyotoka ni nini. Aligeuka kukitazama kile kisanduku cha kijivu ukutani, chenye taa ya kijani, na uso wake ukabadilika. Kila mtu redioni alikijua kisanduku kile, wakakizoea kama watu wanavyozoea nyoka wa darini asiyeuma. Jina lake rasmi lilikuwa refu. Wenyewe walikiita Pasi.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha. Sauti ya mtangazaji ikitoka kwenye mikrofoni haikwenda mnarani moja kwa moja. Ilipita kwanza ndani ya Pasi, ikashikwa kwa muda wa pumzi moja, ikanyooshwa, ndipo ikaachwa iende. Ukikohoa, msikilizaji hasikii kikohozi. Ukikosea jina la waziri, Pasi inalitamka sawasawa, kwa sauti yako, na wewe mwenyewe huna habari. Ukipotea kabisa njiani, inakuacha huko ulikopotelea na kusoma sentensi inayofuata kwenye muswada ulioidhinishwa na Ofisi ya Usahihi ya serikali. Kwa sauti yako. Hata pumzi zinakuwa zako.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kipindi cha alfajiri, *Kifungua Masikio*, kilikuwa na vituko kuliko harusi ya mkwe asiyetakiwa. Siku moja Chande, mtangazaji mwenzake, alimeza nzi katikati ya habari za bunge, na bonde zima likamsikia akimpigania. Siku nyingine mikrofoni ilisahauliwa wazi, watu wakasikia ugomvi wa nani kala kiporo cha nani. Na kuna siku mbuzi wa jirani aliingia studio, akaanza kutafuna taarifa ya habari mikononi mwa Mwajabu, naye akapiga kelele hewani, "Toka! Toka! Tokeni na mbuzi wenu!" Watu walicheka wiki nzima. Ulipokohoa hewani, kesho yake uliletewa tangawizi getini. Vituko vyote hivyo walivihifadhi kwenye kanda, na kila sikukuu walikaa pamoja kuvisikiliza, wakicheka mpaka machozi.

Kisha likatokea la daraja la Mlesa. Mtangazaji wa redio nyingine alikosea mstari, akasoma kwamba bwawa limepasuka, na bwawa lilikuwa zima. Watu wa Mlesa wakakimbilia darajani wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, gizagiza. Daraja likazidiwa, watu wakafa. Tangu hapo sheria ikasema: hakuna neno kwenda hewani bila kupigwa pasi.

"Weka," Mwajabu alisema.

Mbonea akaweka. Kwanza kikaja kitendawili cha asubuhi, yeye na Chande wakitaniana kama kawaida. Katikati Chande akapiga chafya, kubwa, ya tumbaku. Kisha muziki, kisha habari. Mwajabu aliisikia sauti yake mwenyewe ikisoma bei ya mahindi. Akaisikia ikifika pale alipokumbuka kwamba aliutupa muswada mezani.

"*Na sasa hali ya hewa*," ilisema sauti yake, tamu, haina haraka. "*Mabonde yote yatakuwa na mawingu kiasi, na jua linatarajiwa mchana. Nawatakia siku njema.*"

Mwajabu alikaa chini. Kiti kililia.

"Nilijua itanyoosha kikohozi," alisema polepole. "Mbonea, lile lilikuwa kosa gani? Mtu analia wenzake watoke kwenye maji. Kosa ni lipi hapo?"

Mbonea alikuwa anavuta karatasi iliyotoka kwenye tumbo la Pasi. Akaisoma, akaikunja.

"Nisomee."

"Dada..."

"Nisomee, Mbonea!"

"Mafundi wa Ofisi ya Usahihi walipokuja kuifunza, walihitaji kuionyesha makosa ya watangazaji yanafananaje. Tukawapa zile kanda zetu. Za vituko." Mbonea alichomoa bisibisi sikioni. "Kila mtu akipiga kelele kwenye zile kanda, ni panya, au chai imemmwagikia. Kwa hiyo imejua kwamba mtangazaji akipiga kelele nje ya muswada, ni kituko. Jana iliandika hapa kwamba kelele yako imefanana na moja ya zamani."

"Ipi?"

"Ya mbuzi."

Kuna hasira inayopanda kama maziwa jikoni, ukipuliza inashuka. Na kuna nyingine inayoingia kama msumari, haina kelele, na haitoki. Mwajabu aliikunja ile karatasi mara nyingine na kuitia kifuani mwake, chini ya gauni. Mashine ilisikia anamlilia kaka yake, ikadhani anafukuza mbuzi. Na waliitengeneza hivyo kwa kicheko chao wenyewe, cha sikukuu, na soda mkononi.

*

Meneja wa Redio Umande, Bwana Ngowi, alikuwa mtu wa tai na mkono mwepesi wa kupeana. Jioni hiyo tai ilikuwa imelegea. Mbele yake alikaa mwanamke mwenye matope mpaka magotini. Huyu alikuwa Injinia Eliakunda, mwangalizi wa bwawa la Luhombe. Yeye ndiye aliyempigia Mwajabu simu studio jana. Leo alikuja kwa miguu, maana mnara wa simu wa bondeni ulikwenda na maji na barabara ya Mlesa haipitiki kwa gari. Kule chini redio ndiyo iliyobaki kuwa mdomo peke yake.

"Mama, uko hapa, vizuri," injinia alimwambia Mwajabu. "Tuta la kwanza ndilo lililokwenda na Kwamhosi. Sasa la pili linavuja. Linatoka maji yenye udongo. Maji meupe yangenipa moyo, haya yananiambia tuta linakula tumbo lake lenyewe. Nimekaa nalo mchana kutwa. Kesho mchana halifiki. Na likienda, linakwenda Mlesa."

"Umeiambia Ofisi ya Usahihi?"

"Wana ripoti yangu. Wamenijibu kwamba wataalamu wengine wataikagua keshokutwa."

Bwana Ngowi alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa taarifa ya kusomwa kesho, imeshaidhinishwa na Ofisi, muhuri juu. *Tuta la pili ni imara. Wananchi waendelee na shughuli zao.*

"Hili silisomi," Mwajabu alisema.

"Ukilisoma, usipolisoma, Pasi italisoma. Kwa sauti yako. Unajua hivyo, Bi Mwajabu."

"Basi izime!"

"Nikiizima, mnara unajizima. Wameifunga hivyo."

"Meneja, kaka yangu amekufa na redio sikioni. Akinisubiri mimi. Mimi! Wewe unanionyesha muhuri?"

"Na mimi mtoto wa dada yangu alikufa darajani!" Bwana Ngowi aligonga meza, kisha akaushika mkono wake kama umemuuma. "Alikuwa anakwenda shule. Alikanyagwa, Bi Mwajabu. Hakuzama, alikanyagwa na majirani zake waliokuwa wanampenda. Kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele redioni. Kesho wewe upige kelele, watu wa Mlesa watakimbilia wapi? Watakimbilia daraja lile lile, barabara ni moja. Na tuta likisimama je? Injinia, unaapa kwamba litaanguka?"

Injinia Eliakunda alitazama matope yake. "Tuta siyo saa, Bwana Ngowi. Nimesema ninavyoona. Siwezi kuapa."

"Umesikia? Hawezi. Basi nani atawazika?"

Kilichomkera Mwajabu kuliko yote ni kwamba mtu yule hakuwa mwongo. Ukinyamaza, maji yatawachukua. Ukipiga kelele, watauana wenyewe. Na hata ukichagua, kuna kisanduku ukutani kinachokuchagulia. Alisimama, akatoka, na mlango akauacha wazi nyuma yake, jambo ambalo mama yake angemchapa kwalo.

Alipofika uani palipo na bomba, akanawa uso. Maji ya baridi yakamkumbusha chafya.

Chafya ya Chande, kwenye ile kanda iliyotoka. Kwa nini bonde lilisikia chafya?

Akasimama pale, uso unachuruzika. Akakumbuka. Pasi ilipoletwa, mwezi wa kwanza, iliwaharibia kitendawili cha asubuhi. Chande alitega, "Kuku wangu katagia miibani," na watu waliosubiri kujibu nanasi wakasikia redioni, "Kuku wangu ametaga kiotani." Kesho yake akatega, "Nyumba yangu haina mlango," Pasi ikaitia mlango. Watu walikasirika! Wazee wakaja getini na fimbo, kwamba mnatufanya wajinga. Mafundi wa Ofisi wakarudi, wakakuna vichwa, wakaona kitendawili hakinyosheki; kazi yake ni kwenda upande. Wakaiambia mashine: ukisikia *kitendawili* na *tega*, lala. Ukisikia *jibu ni*, amka. Hapo katikati usiguse kitu.

Hapo katikati usiguse kitu.

Mwajabu alikwenda kwa Mbonea kwanza, akamnong'oneza. Kisha akamtafuta injinia, wakakaa kwenye ngazi za nyuma, akamwambia, "Nichoree Mlesa yote, mama. Njia zote za kupanda, isipokuwa ya darajani."

Hakumwambia Chande. Alimpenda, lakini mdomo wa Chande haukuwa na komeo.

*

Alfajiri ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote. Chande aliingia studio anafuta miwani, mwanamume mrefu mwenye tumbo la bia na sauti ya kuitia ng'ombe. Alikaa kiti chake, akamtazama Mwajabu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Nimesikia ile kanda," alisema. "Mtani wangu, sina la kusema."

"Utakuwa nalo. Vaa hedifoni."

Nyuma ya kioo, ndani ya chumba cha mitambo, Mbonea alikuwa ameegemeza meza mlangoni. Injinia Eliakunda alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Muziki wa kufungulia ukapiga, ukafifia. Taa nyekundu ikawaka.

"Hamjambo wa mabondeni, hamjambo wa milimani," Chande alisema. "Hiki ni *Kifungua Masikio*. Kabla ya habari, kama mila yetu, tunaamsha akili. Leo zamu ya mtani wangu, Bi Mwajabu. Bibi, una kitu?"

"Ninacho. Kitendawili!"

"Tega!"

Ukutani, nyuma ya kioo, taa ya kijani ya Pasi ilizimika. Mwajabu aliitazama mpaka akahakikisha.

"Nalia mlangoni kwa ndugu yangu, yeye anasikia naimba."

Chande, ambaye katika miaka yote hajawahi kushindwa kitendawili, alifungua mdomo kujibu. Akaufunga. Jibu lilikuwa pale ukutani, kisanduku cha kijivu, na lilimpanda usoni mpaka Mwajabu akaliona.

Hapo mlango wa chumba cha mitambo ulianza kugongwa. Meza ikasogea, Mbonea akaikalia. Bwana Ngowi akauacha mlango, akazunguka mbio, akatokea kwenye kioo cha upande wa korido, jasho linamtoka. Alikuwa anaielewa redio yake. Aliandika kwa kalamu nene kwenye ubao wa matangazo, akaubandika kiooni: CHANDE, SEMA JIBU.

Chande aliusoma. Alikuwa na wanawe wadogo, na mke aliyemzidi umri na hasira, na kazi nyingine hakuijua ila hii ya kusema. Maneno mawili tu, *jibu ni*, na asubuhi ingerudi kuwa asubuhi.

"Unajua, bibi," alisema kwenye mikrofoni, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Hiki nakijua. Kiko hapa kwenye ncha ya ulimi." Bwana Ngowi akagonga kioo. "Lakini leo... leo mimi mjinga. Nimeshindwa."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa kabisa. Nakupa mji."

"Mji gani? Usinipe vimiji vyako vya kuokoteza."

"Mkubwa huu." Chande alivua miwani. "Nakupa Mlesa."

Basi mila ni mila. Aliyetega akishinda, anapewa mji, na akipewa mji lazima aende akauone, arudi asimulie. Kila mtoto wa bonde lile alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Kila jiko la Mlesa, muda huo, lilikuwa limetulia kusikia Bi Mwajabu kakuta nini.

"Nimekwenda Mlesa," alianza. Alijizuia asikimbize maneno. Alisema kama mtu anayesimulia huku anamenya viazi. "Nimefika asubuhi hii hii, chai bado haijachemka. Nikakuta watu wa Mlesa wanamwagia maji mafiga yao, wanafunga watoto migongoni. Nikauliza, jamani, safari ya wapi? Wakaniambia, Bi Mwajabu, tuta la pili linatoka maji ya udongo. Injinia amelikalia jana kutwa, anasema mchana halifiki. Hatumsubiri mtu wa kuja kukagua kesho. Tunapanda."

Nyuma ya kioo Bwana Ngowi aliupiga ubao wake tena. Mwajabu hakumtazama.

"Nikawauliza, mbona hamkimbii? Wakanicheka. Wakasema, tukimbilie wapi, darajani? Darajani tulishazika. Leo darajani hapiti hata kuku. Wa upande wa soko nimewakuta wanapanda njia ya nyuma ya msikiti, ile inayopita mashamba ya iliki. Wa upande wa zahanati wanapanda nyuma ya kanisa, kwa mzee Kilua, na uzio wake ameshauvunja mwenyewe ili watu wapite. Ng'ombe wamefunguliwa, watafuata. Wazee nimewakuta migongoni mwa vijana, wanalalamika kama kawaida yao. Kuna bibi mmoja anasema kasahau ugoro. Nikamwambia, panda, bibi, ugoro nitakununulia mimi."

Injinia alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo.

Hapo koo la Mwajabu, lililokwaruzika tangu juzi, likamgeuka. Akakohoa. Kikohozi kikubwa, cha kifua, kisicho na adabu. Akashika meza, kikombe kikaanguka, chai ikamwagikia muswada ulioidhinishwa na muhuri wake. Chande akasema "Pole!" palepale hewani. Kiti kikalia.

Mwajabu alitulia, akajifuta mdomo kwa kiganja. Na hasira yake yote aliyokuwa ameikalia tangu shule ya Kwembelo ikampanda.

"Mmesikia?" alisema. "Watu wa Mlesa, nawauliza nyie. Mara ya mwisho mlinisikia nakohoa lini? Mlisikia lini kikombe kinaanguka humu? Watoto wenu hawajawahi kusikia! Humu ndani wameweka kitu kinachotupiga pasi. Juzi niliwalilia watu wa Kwamhosi watoke, nililia mpaka nikachanika koo, na wao wakasikia mawingu kiasi. Basi sikilizeni kikohozi hiki. Hiki hakijanyooshwa. Huyu anayekohoa ndiye mimi. Wekeni redio chini, mpande. Polepole. Lakini mpande!"

Studio ikawa kimya, dakika baada ya dakika, na ukimya nao ulikwenda hewani kama ulivyo, na mlio wa kiti ndani yake. Bwana Ngowi alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo. Wote walikuwa wanatazama kitu kimoja, dirisha.

Ukungu ulikuwa unainuka kama inavyoinuliwa shuka, kutoka chini. Kwanza walionekana ng'ombe. Halafu, kwenye mteremko wa juu ya Mlesa, katikati ya mashamba ya iliki, kikatokea kitu chembamba cha rangirangi: nyekundu, njano, kijani, kanga na mashati na ndoo za vichwani, mstari unaopanda. Halafu mstari wa pili, upande wa kanisa. Hawakuwa wanakimbia. Daraja lilikuwa tupu.

Mbonea alishuka mezani, akaisogeza mlangoni. Bwana Ngowi aliingia chumba cha mitambo, ubao bado mkononi, maandishi yametazama chini. Akabonyeza kitufe cha kusemea ndani ya hedifoni zao.

"Wametoka," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Bi Mwajabu, wametoka. Ahsante. Sasa toa jibu. Tafadhali. Toa jibu tukifunge hiki kipindi, huenda wakatusamehe. Maneno mawili tu."

Mwajabu aliitazama taa ya Pasi iliyozimika. Aliufikiria mkono wa kaka yake ulioshika redio. Kuwaokoa watu wa Mlesa ilikuwa haki yao, na amewapa. Lakini nani alimwambia Bwana Ngowi kwamba imekwisha? Kule Kwembelo kulikuwa na mwanamke mfupi mwenye kanga ya kuazima, na kwenye madarasa yale watu hawakukosa redio.

"Mtani," alisema kwenye mikrofoni.

"Nipo, bibi."

"Kitendawili changu kilikuwa kigumu. Mji mmoja haunitoshi. Niongeze."

Chande alimgeukia meneja nyuma ya kioo, akamtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayeomba radhi msibani. Kisha akausogelea mdomo wa mikrofoni.

"Nakupa Kwamhosi," alisema.

"Nimekwenda Kwamhosi," Mwajabu alisema. "Nikabisha hodi kwa kaka yangu, Shekue Shemhilu, mkulima wa mpunga, mbishi kuliko punda." Aliitoa ile karatasi kifuani, akaikunjua mezani, juu ya chai. "Wifi yangu Mwanahawa, kama unanisikia, ipandishe sauti. Nakusomea kilichomuua mume wako, na nani alikitengeneza."

Akasoma. Alipofika kwenye neno la mbuzi sauti ilimkatika, na safari hii alipolia, bonde lote lilisikia analia.